Mtani Wangu, Mdhamini wa Mbwa

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na swali la kumi na saba lilinitaka nitaje watu wawili wanaonifahamu vya kutosha kuthibitisha kwamba ninafaa kupewa mbwa. Mtu wa kwanza hakunisumbua: nilimwandika profesa aliyekuwa akisimamia tasnifu yangu juu ya sheria za Warumi, mtu asiyesema neno bila kulipima mara mbili. Wa pili ndiye aliyeniletea mkasa huu. Fomu ilimtaka mtu anayenifahamu kuliko wote, nami, kwa kuwa nimezoea kujibu swali kama lilivyoulizwa, nilimwandika Mngoni.

Hapa panahitaji ufafanuzi kidogo. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Bwana huyo ni Mngoni wa Songea, wakati ule fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko Plymouth, jimbo la Minnesota, Marekani, akiishi mji jirani wa Hopkins katika nyumba ya kupanga ya ghorofa tatu. Wazee wetu walipigana vita vikali, na walipochoka kuuana wakaturithisha utani. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, kuvaa kofia yako bila kuiomba, kufika kwenye msiba wa baba yako na kutangaza kwamba marehemu amekufa ili akwepe palizi. Nawe huna haki ya kukasirika. Mtani huyo huyo ndiye atakayeshika jembe na kuchimba kaburi. Wangoni, kwa mujibu wa Wahehe, hula panya. Wahehe, kwa mujibu wa Tanzania nzima, hula mbwa.

Mbwa mwenyewe nilikutana naye kwa bahati. Mwenye nyumba wangu alikuwa amelimbikiza magazeti ya miaka mingi katika chumba cha chini nilichokipanga, nami nilihitaji nafasi ya vitabu. Nikaambiwa kwamba upande wa Saint Paul kuna kituo kinachohifadhi mbwa na paka wasio na wenyewe, na kwamba pale magazeti hutandikwa sakafuni mwa vizimba. Nikayapeleka. Katika kizimba cha mwisho alikuwamo mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na la pili limelala, mbavu zikihesabika. Wenzake wote walibweka. Yeye alinitazama tu. Nikamwambia "Kamwene," kama ninavyomsalimu mtu yeyote nikiwa nimesahau nilipo, naye akainamisha kichwa na kulisimamisha lile sikio lililolala. Nikaendelea. Nilimweleza kwa Kihehe habari za mvua, kisha habari za sura ya tatu ya tasnifu yangu, ambayo ilikuwa imekwama tangu Krismasi. Nilipogutuka, nusu saa ilikuwa imepita.

Ilikuwa miaka ya tisini. Barua ya kwenda Iringa ilichukua wiki tatu, na katika jimbo zima la Minnesota sikumjua mtu mwingine wa kuongea naye Kihehe. Jumamosi nne mfululizo nilirudi pale kituoni bila gazeti hata moja.

Jumamosi ya nne, mama msimamizi, aliyevaa miwani yenye mnyororo na sweta licha ya joto la Juni, alinieleza hali ya mbwa yule. Alikuwa amechukuliwa na kurudishwa mara mbili, kwa sababu akiachwa peke yake hulia mpaka majirani wakaita polisi. Akirudishwa mara ya tatu, hatatolewa tena. Mama hakueleza maana ya maneno hayo, nami sikuuliza, tulitazamana tukaelewana kwamba angeuawa. Nikaomba fomu. Mbwa alikuwa na jina la kibinadamu, ambalo silitaji kwa sababu mkuu wa idara yetu naye alikuwa nalo.

Siku tatu baadaye Mngoni alinipigia simu, akiwa na sauti ya mtu aliyetenda wema na anayesubiri shukrani.

"Mtani, wamenipigia watu wako wa mbwa. Nimekusaidia."

Nilimwuliza amesema nini.

"Ukweli mtupu. Nimemwambia yule mama, huyo ni Mhehe. Akikuomba mbwa, muulize kama anataka na chumvi."

Nilikaa chini. Nilimwuliza mama alijibu nini. Akasema mama alimshukuru kwa muda wake na kumtakia siku njema. Akaongeza kwamba ni mama mstaarabu sana. Ilinibidi nimweleze, taratibu na kwa mpangilio, kwamba watu wa huku hawana utani, na kwamba yule mama sasa alikuwa na faili lenye maelezo kuwa mwombaji, kwa ushahidi wa mtu anayemfahamu kuliko wote, ni mla mbwa. Kosa lake lilikuwa la dhati kabisa: katika miaka yake arobaini hajawahi kukutana na mtu mzima ambaye, akisikia Mhehe na mbwa wametajwa pamoja, hacheki.

Nikaandika barua. Nilikusudia ukurasa mmoja. Ilifikia kumi na moja, na tanbihi ishirini na tatu. Nilianza na vita, nikapita kwenye mapatano, nikafafanua haki na wajibu wa watani harusini na misibani. Nikakiri kwamba asili ya mzaha wa mbwa nimeitafuta kwa bidii na sikuipata katika chanzo chochote cha kuaminika. Katika tanbihi ya kumi na tisa nikagusia, kwa ajili ya ukamilifu tu, suala la Wangoni na panya. Barua hiyo niliipeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama msimamizi aliisoma yote mbele yangu, tanbihi pamoja, jambo ambalo sijamwona msomaji mwingine akilifanya kwa maandishi yangu. Kisha akavua miwani ikaning'inia kifuani.

"Kwa hiyo yeye anasema wewe unakula mbwa," akasema, "na wewe unasema yeye anakula panya, na kwa njia hiyo mimi nitambue kwamba ninyi ni marafiki."

"Si marafiki, mama. Ni watani. Urafiki unaweza kuvunjika."

Akasema hilo ni jambo la kuvutia. Nilikuwa nimekaa Minnesota miaka minne, na nilijua kwamba mtu wa pale akikuambia jambo linavutia, ameliona baya na malezi yake hayamruhusu kusema.

Hata hivyo hakunifukuza. Alinikabidhi mbwa kwa majuma manne ya majaribio. Alimpandisha kwenye mizani mbele yangu: ratili arobaini na nane. Akauandika uzito ule na kuupigia mstari, akanipa masharti. Baada ya majuma manne anataka amwone mbwa akiwa hai, tena asiwe amepungua hata ratili moja. Nami nifuatane na yule bwana wa kwenye simu, kwa kuwa angependa kumwona uso kwa uso. Hapo ndipo angeamua kama mbwa ni wangu au arudi kizimbani. Kurudi huko kungekuwa ndiko kwa mara ya tatu.

Majuma hayo manne yaliangukia kwenye safari. Mngoni alikuwa amenunua kampa, lile gari la kusafiria lenye vitanda na jiko, kutoka kwa mjane mmoja mzee wa Lakeville. Lilikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi la mafiga mawili, na beseni la kunawia lisilozidi bakuli la uji. Tangu majira ya baridi tulikuwa tumepatana kwamba Julai tutafuata ufukwe wa kusini wa Ziwa Superior hadi Michigan, kisha tuteremke Wisconsin na Iowa na kurudi nyumbani. Mbwa hakuweza kuachwa peke yake, basi ilibidi aje. Na Mngoni, kwa sababu ya ile chumvi, hakuwa na mdomo wa kukataa. Mbwa alipanda, akanusa vitanda vyote viwili kwa makini ya hakimu, akachagua cha Mngoni.

Nia yangu katika safari ile ilikuwa utulivu. Nilikuwa nimefunga katika sanduku sheria zote za Warumi zinazohusu amana, na nilitazamia kuzisoma kando ya maji. Lakini Mngoni ana kipaji cha kumjua kila Mtanzania aliyeko ndani ya maili mia tano, na haamini kwamba inawezekana kupita karibu na mlango wa mtu wa nyumbani bila kupiga hodi. Alikuwa amewapigia simu wote kabla hatujaondoka. Wote walijua kwamba Mhehe yuko njiani, na kwamba anakuja na mbwa.

Wenyeji wetu wa kwanza, mume na mke kutoka Mbeya waliokuwa wakisomea uuguzi Duluth, walitungoja nje. Mke alitusalimu, akatuuliza habari za njiani, akampapasa mbwa kichwani. Kisha akapanda ndani ya kampa, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akachungulia, akaifunika tena.

"Afadhali tumewahi," akamwambia mbwa.

Ikawa ndiyo desturi. Kila tulipofika, kabla hatujakaribishwa ndani, mtu alipanda na kufunua sufuria. Na kila tulipoondoka, mbwa alifungiwa chakula cha njiani: mifupa ya supu, utumbo, samaki wa kukaanga, ugali wa jana. Mke yule wa Duluth alisema ni aibu kwa taifa zima mbwa kwenda kwa Mhehe akiwa mifupa mitupu. Hata mwalimu mmoja wa hesabu wa Madison, Mpare, kabila linalotaniwa kwa ubahili, ambaye sisi wageni wake alitupa wali na maharage na kutusifia ubora wa maharage yale, alimpa mbwa paja zima la kuku. Nilipinga nilivyoweza. Nilieleza kwamba mnyama anapaswa kulishwa kwa kipimo na kwa saa maalumu. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakamgeukia Mngoni na kumwuliza kama nimeanza kutafuta na viungo.

Sitaki msomaji adhani kwamba safari nzima nilikuwa mtu wa kuonewa. Asubuhi ya siku ya sita tulikuwa Michigan, katika uwanja wa kupiga kambi, misonobari pande zote. Mngoni alifungua kabati atoe sukari, na panya mdogo, mwenye nia njema kwa jinsi nilivyomwona, akamrukia kifuani. Sikujua kwamba mtu wa umbo lile anaweza kupanda kitandani bila kuinama. Alisimama juu ya godoro, kichwa kimegusa dari, akimwita mbwa amsaidie. Mbwa alimtazama panya, akapiga miayo. Mimi nilifungua droo, nikachagua uma, nikauinua kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima, nikamkabidhi.

"Karibu nyumbani," nikamwambia.

"Mhehe, nitakuua," akasema, bila kuteremka.

Kelele zake ziliwafikia majirani, mume na mke Wamarekani waliokuwa na hema na kambwa kadogo keupe. Walikuja kuuliza kama kuna shida. Kwa furaha niliyokuwa nayo, nikawajibu kwamba hakuna shida yoyote, mwenzangu ameona kifungua kinywa chake kinamkimbia. Wakamtazama panya aliyekuwa akipita mlangoni. Wakasema inavutia. Baada ya dakika kumi walikuwa wamelihamishia hema lao upande wa pili wa uwanja, na mimi, mwandishi wa tanbihi ishirini na tatu, nikatambua kwamba nimefanya kosa lile lile la Mngoni, tena bila simu.

Tulipofika Ames, huko Iowa, ukanda wa shingo ya mbwa ulikuwa umetobolewa matundu mapya mara mbili. Mwenyeji wetu alikuwa na mizani ya bafuni. Nilijipima peke yangu, nikajipima nikiwa nimembeba mbwa kwa taabu, nikatoa hesabu. Ratili sitini na tatu.

Mngoni alisema hakuna tatizo. Mama alitaka asipungue, na hajapungua. Kwa muda nilikubaliana naye, kwa kuwa sharti lilitimizwa neno kwa neno, na nimelelewa kuyaheshimu maneno. Kisha nikamtazama mbwa kama atakavyotazamwa na yule mama. Mbwa amekabidhiwa mtu anayeshukiwa kula mbwa, akiwa mkondefu. Anarudishwa baada ya majuma manne, amenona, manyoya yanang'aa, tumbo linakaribia kugusa nyasi. Hakuna mfugaji duniani asiyejua maana ya jambo hilo.

Tulikuwa na siku mbili. Tulirudi mbio Minneapolis na kuanza kumtembeza mbwa kuzunguka mojawapo ya maziwa ya mjini, pamoja na watu wanaokimbia kwa hiari yao. Mzunguko wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili alikwenda kwa adabu. Wa tatu alilala chini katikati ya njia na kufumba macho, na Mngoni akambeba maili nzima iliyobaki, kwa hiyo aliyepungua siku ile alikuwa Mngoni. Tulipofika kwake Hopkins, jirani yake, nesi wa Kikenya aliyekuwa akitoka zamu, alisimama ngazini kutupisha.

"Hii mbwa imenona, daktari," akaniambia, kwa cheo ambacho tasnifu yangu ilikuwa haijanipa. "Mnaipeleka wapi, harusi?"

Usiku ule sikula. Kwa mara ya kwanza sikuongea na mbwa.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa mbele ya mizani ya kituo. Sindano ilisimama kwenye sitini na mbili. Mama aliitazama sindano, akalitazama faili, akanitazama mimi. Hakusema inavutia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kisha akamgeukia Mngoni.

"Wewe ndiwe bwana wa chumvi," akasema.

Mngoni akakubali kwamba ndiye.

Mama akamwambia ana swali moja tu, na kwamba anataka jibu la kawaida, lisilo na desturi ndani yake. Mimi ni mtu wa namna gani, na mbwa huyu atakuwa salama kwangu?

Lazima nieleze uzito wa alichoombwa. Mtani hamsifu mtani wake akiwa anasikia. Halijakatazwa kwa sheria yoyote niijuayo, lakini likitokea, watu hudhani kwamba mmoja wenu anakaribia kufa. Mngoni alifungua kinywa, akasema, "Mama, Mhehe..." na nikaona kwa macho yangu mzaha ukipanda hadi kwenye meno na yeye akiumeza, kama mtu anayemeza klorokwini bila maji. Akajaribu tena, akaishia pale pale. Jasho lilimtoka. Mara ya tatu aliomba mimi nitoke nje kwanza. Mama akasema nitabaki.

Akainamia sakafu, akasema polepole:

"Huyu mtu anaamka kabla yangu kila siku. Anakaa na huyu mbwa, anaongea naye kwa lugha ya kwao. Mimi siijui. Miaka minne nimekuwa naye, sijapata kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Ukimnyang'anya mbwa, atarudi kukaa kimya." Akafuta uso kwa mkono. "Na aliyemnenepesha ni mimi. Nilikuwa nampa chakula changu. Nilisema neno baya kwenye simu, sikujua namna nyingine ya kulirudisha."

Mbwa alikuwa ameteremka kwenye mizani na kuketi juu ya viatu vya Mngoni. Mama alivaa miwani, akayaandika maneno yale kwenye faili. Alituambia kwamba uzito ule ni hatari kwa moyo wa mnyama, kwamba utumbo na ugali vikome leo, na kwamba kabla ya theluji kuanguka anataka mbwa afike ratili hamsini na tano. Akafunua ukurasa wa mwisho wa fomu, akanipa nitie saini. Chini yake palikuwa na nafasi ya mtu atakayemchukua mbwa iwapo mwenyewe atashindwa. Akageuza karatasi na kumpa Mngoni kalamu. Mngoni akatia saini bila kusoma. Muhuri ukagongwa. Nilisema asante, nikaona haitoshi, nikaisema tena kwa Kiingereza kirefu zaidi, mpaka mama akaniomba nimpishe mtu aliyefuata.

Kutoka Saint Paul hadi Hopkins si mbali, lakini siku ile njia ilirefuka. Mbwa alilala nyuma, juu ya kitanda alichokichagua. Mngoni aliendesha akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, macho mbele, shingo imekaza, mfano wa mtu aliyefumaniwa akioga. Alikuwa amenisifu mbele ya shahidi, na maneno yake yalikuwa kwenye kumbukumbu za kituo. Nilielewa wajibu wangu. Haki ilidai nimtukane papo hapo, tusi zito na la kudumu, ili arudishiwe heshima yake na mambo yakae kama yalivyokuwa. Nikatafuta. Nilipitia uendeshaji wake, mwendo wake, mapishi yake, ukoo wake hadi kwa babu wa babu. Nilipitia panya wote wa Songea. Kila nililolishika lilikuwa dogo, na mengine, nilipoyatazama kwa karibu, yaligeuka yakataka kuwa sifa.

Alisimamisha gari mbele ya nyumba yake, akazima injini, akabaki ameketi.

"Sema kitu, Mhehe," akasema hatimaye.

Nikamwomba anipe mpaka kesho.